Namba na Jina

Zama za ukoloni, katika mashamba ya mkonge ya Kabuku na Korogwe, kibarua aliyeletwa kutoka mbali aliitwa manamba, kwani alitambulikana kwa namba kuliko kwa jina. Tarehe 7 Julai, 1954 kilizaliwa chama cha TANU. Kadi yake nayo ilikuwa na namba. Je, tofauti ni nini? Namba ya kwanza mtu alibandikwa, apate kuhesabiwa kama mali. Ya pili aliinunua kwa jasho lake, apate kuhesabiwa kama mtu. Hivyo Mha, Mmakonde na Mnyamwezi wakawa ndugu. Tarehe 9 Desemba, 1961 bendera ya mgeni ilishushwa. Lakini anayemhesabu mwenziwe bila kumjali, huyo bado hajaushusha ukoloni moyoni mwake.