Kati ya 50 na 80

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:28-29, Mambo ya Walawi 19:17



Katika ibada ya Jumatano iliyopita, wakati wa maswali, dereva mmoja wa 46 aliinua mkono. “Pasta, gari yangu iko na spidi gavana. Inafanya kazi, sijaichezea. Trafiki hajanishika. Sasa hiyo dhambi ya mwendo itanipata wapi?” Watu walicheka. Mimi nilimwomba anipe wiki moja, kwa sababu swali lake ni zito kuliko lilivyosikika. Jibu langu ndilo hili, na haliishii kwake peke yake.

Tuanze na namba. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ile Sura ya 403, inasema gari lisizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji au kituo cha biashara. Matatu ikiwa nje kwenye barabara kuu, mwisho wake ni 80. Na gavana (nasema kile kifaa, si yule wa kaunti) inafungwa kwa 80. Angalia vizuri hapo. Kifaa kinakuzuia usifike 81. Hakijui kama uko Naivasha Road saa kumi na mbili jioni, akina mama mboga wamejaa kando, au uko mbali huko ambako hakuna mtu. Ndani ya Kawangware yote na Kibera yote, dereva ana kilomita 30 ambazo hakuna chombo kinachomshika. Kati ya 50 na 80 yuko peke yake na Mungu wake.

Tena kilomita hizo 30 si kidogo. Ukienda 50, gari linakula mita 14 kila sekunde. Ukienda 80 linakula mita 22. Kwa upande wa breki ni mbaya zaidi: ukitoka 50 ukafika 80, umbali ambao gari linateleza baada ya kukanyaga breki unakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mtoto aliyekuwa mbele yako kwa umbali wa kutosha ukiwa 50, ukiwa 80 hana nafasi.

Wa Kibera wanakumbuka Julai 2018, matingatinga yalipofungua njia ya ile barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang’ata Road. Nyumba zilienda, shule zilienda, maelfu ya watu wakalala nje. Leo pale ni lami, na lami ni nzuri, hatukatai. Lakini watu wanaishi pande zote mbili. Mtoto anatumwa dukani ng’ambo, na dukani kwake ni kuvuka.

Sasa Neno. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza Mwisraeli anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Paa zao zilikuwa bapa, watu wakikaa huko jioni na kulala huko wakati wa joto. Sisi wa Kawangware tunaelewa bila kufafanuliwa: tunaanika nguo juu ya ploti za gorofa na watoto wanacheza huko huko. Ninachopenda katika agizo hili ni kwamba halingoji mtu aanguke. Kosa la mwenye nyumba lipo tangu siku alipomaliza kujenga bila ukingo, hata kama miaka kumi imepita na hakuna aliyeanguka. Kwa hiyo “sijawahi kugonga mtu” si jibu. Na “trafiki hajanishika” ni jibu dogo zaidi, maana ukingo haukujengwa kwa ajili ya askari.

Nilipomwambia hivyo baadaye kule nje, yule dereva alinijibu kwa neno ambalo nimetembea nalo wiki nzima: “Pasta, haraka haraka haina baraka, lakini pole pole haina hesabu.”

Hapo ndipo nataka tukae.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, basi mnivumilie nifungue daftari kidogo. Tuseme, ni mfano tu, hesabu ya tajiri ni 4,000 kwa siku. Mafuta 3,500. Mambo ya steji na sacco 500. Dere na konda hawaoni shilingi yao mpaka 8,000 iishe. Raundi zote za asubuhi wanafanyia watu wengine. Unga wa nyumbani uko kwenye raundi za mwisho. Mvua ikinyesha, hesabu ni ile ile. Valley Road ikifunga masaa mawili, hesabu ni ile ile. Kwa lugha ya darasani, tajiri amejiwekea mapato ya uhakika na hatari yote amemsukumia dereva. Dereva naye hana mahali pa kuisukuma ila barabarani.

Halafu piga hesabu nyingine. Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 ni dakika 12. Kwa 80 ni dakika saba na nusu. Umeokoa dakika nne na nusu, na msongamano wa kwanza unazirudisha zote. Kila dereva anajua hivyo. Basi anakimbilia nini? Anakimbilia abiria watatu waliosimama steji ya mbele, awafikie kabla ya mwenzake. Mbio zile ni za mtu na mtu, na wote wawili wamelipiwa kwa mtindo unaowalazimisha kushindana.

Lakini je, shida inaondoa hatia? Wengine mnanitazamia nifike hapo niseme dereva ni mnyonge, tumwachie. Siwezi. Yule mama anayevuka Naivasha Road na beseni la sukuma wiki naye ni mnyonge. Tofauti ni kwamba dereva na tajiri walikubaliana, kila mmoja akijua anachopata. Mama wa sukuma hakuitwa kwenye makubaliano yale, hapati chochote kwenye ile hesabu, ila mwili wake umewekwa rehani bila kuulizwa. Dhiki yangu inaweza kunipa haki ya kuomba, ya kukopa, ya kugoma hata. Hainipi haki ya kuweka rehani mwili wa mwenzangu.

Wengi wetu tunakumbuka sheria za Michuki. Waziri wa Uchukuzi wakati huo, marehemu John Michuki, alizitoa mwaka 2003, na zilipoanza kutumika Februari 2004 Nairobi ilitembea kwa miguu, maana magari mengi hayakuwa tayari. Ukiuliza mtu yeyote zilisema nini, atakuambia: gavana, mikanda, mstari wa manjano, watu 14. Kuna moja ambayo karibu kila mtu ameisahau. Sheria zile zilimtaka mwenye gari aajiri dereva na kondakta kwa kudumu. Mikanda tulifunga. Mstari tulipaka. Ajira tuliiruka, na naona tuliiruka kwa sababu ndiyo peke yake iliyogusa mfuko wa mwenye gari kila mwezi.

Kutoka 21 ina habari ya ng’ombe mwenye pembe. Akiua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng’ombe huyo alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi damu ni juu ya mwenyewe pia. Ng’ombe ndiye aliyepiga pembe. Mwenye ng’ombe alikuwa nyumbani kwake anakunywa maziwa. Biblia inamfuata huko huko nyumbani. Tajiri anayejua gari lake linavyoendeshwa, na anayejua hesabu yake ndiyo inayolikimbiza, huyo ameonywa.

Hapa kanisani tunaombea magari. Mtu akinunua nissan yake ya kwanza anaileta, tunapaka mafuta, tunaifunika kwa damu ya Yesu. Ni jambo jema na sitaliacha. Mwaka huu nimeanza kuuliza maswali mawili kabla ya kufungua chupa: hesabu ni ngapi, na siku ya mvua inashuka au inabaki? Mzee mmoja hakufurahi. “Pasta kijana, nimeleta gari kwa maombi, si kwa ukaguzi.” Nikamwambia, “Mzee wangu, tukiomba malaika watangulie gari, tusiweke hesabu ambayo malaika hawawezi kuifikia kwa 50.” Tuliomba, mafuta nilipaka. Bahasha ya shukrani aliyokuja nayo alirudi nayo. Mnaojua tumefika wapi na vyoo vya watoto mtaelewa kwamba jambo hilo lilijadiliwa na wazee wa kanisa.

Wala si kila tajiri ni tajiri. Kuna mjane aliyeweka pesa zote za marehemu mumewe kwenye gari moja la mkopo, na mkopo nao haujui mvua. Huyo simtupii jiwe. Ila hata yeye mnyororo unapita mikononi mwake, na ni lazima aamue atashika wapi.

Juu ya tiketi nitasema kidogo. Kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ya trafiki ziliweka bei wazi: ukizidi kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Anayekwenda 70 Kawangware yuko kwenye elfu kumi. Na kila mtu anajua elfu kumi inageuka mia mbili ndani ya kiganja. Shuleni tulisoma utafiti wa Haifa kule Israeli, uliochapishwa mwaka 2000: shule za watoto wadogo ziliwatoza faini wazazi waliochelewa kuchukua watoto wao, na waliochelewa wakaongezeka. Wazazi walianza kuona kwamba kuchelewa kumelipiwa. Ndivyo ilivyo na ile mia mbili. Inaingia kwenye daftari pamoja na mafuta, na ikishaingia hapo dereva haoni tena kosa, anaona gharama. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru na askari waliomwendea, katika Luka 3, watosheke na kilicho chao. Hakuwaambia waache kazi. Askari wa trafiki mnaoabudu nasi, nanyi mmo.

Na sisi abiria? Mambo ya Walawi 19:17 inatuagiza tumkemee jirani yetu waziwazi, tusije tukabeba dhambi kwa ajili yake. Nyamaza yako ni mzigo. Miaka ya nyuma watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Habyarimana na Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya, zaidi ya elfu moja, vikiwaambia abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Hakuna askari aliyeongezwa, hakuna kifaa. Katika matokeo waliyochapisha 2011, madai ya bima kwa magari yale yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye ndipo kampeni ya Zusha! ikatokea. Sauti ya mama mmoja kiti cha nyuma ilifanya ambacho gavana ya 80 haiwezi.

Sasa linganisha na Jumapili asubuhi yetu: “Dere, weka mguu, sifa zimeshaanza!” Nimewasikia. Hata Yehu, kwenye 2 Wafalme 9, mlinzi mnarani alimtambua kwa mbali kwa vile alivyokimbiza farasi wake, lakini yeye angalau hakuwa anakwenda ibadani.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa 46, ndiyo. Kati ya 50 na 80 unaweza kutenda dhambi gavana ikiwa nzima na leseni ikiwa safi. Mguu ni wako. Lakini usidhani tajiri, trafiki na abiria wakiingia, sehemu yako inapungua. Hatia haigawanywi kama chapati, kila mmoja akapata kipande chembamba. Kila mmoja anaibeba nzima.

Kuna dada kati yetu mwenye magari mawili. Tangu Januari madereva wake wako kwenye mshahara wa mwezi, na mapato ya siku yanaandikwa kama yalivyo, mvua au jua. Mwezi wa kwanza alilia. Kufikia mwezi wa tatu pesa za tairi na breki zilikuwa zimeshuka. Bado hajafikia alichokuwa akipata zamani, na amenikataza kusema amefika. Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili atakuja na daftari lake. Wenye magari, madereva, makonda, na ninyi mliochukua mkopo wa sacco mkisubiri kununua, bakini kidogo. Chai itakuwepo, ya kunywa.