Je, Chombo Chaweza Kumfundisha Kijana Kuitunza Dunia?

Wazazi wengi siku hizi huuliza: Simu iliyo mkononi mwa kijana yamwonyesha kazi za Mungu, au yamfumba macho asizione? Swali hili si dogo, maana mtu hakipendi kitu asichokijua, wala hakitunzi asichokipenda.

Huko Marekani wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walilijaribu jambo hili, wakatangaza habari zake mwaka 2013. Wanafunzi wa darasa la 6 walipelekwa kwenye bwawa wakiwa na simu. Kila walipofika penye alama, simu iliwaletea picha na maswali juu ya mahali pale pale waliposimama. Ufundi huo huitwa uhalisia ulioongezwa. Tena walitia vipimo majini, wakapima hali ya maji kwa mikono yao wenyewe. Walimu wao walishuhudia ya kuwa wanafunzi walishughulika na bwawa na kusaidiana, pasipo kungoja kuongozwa na mwalimu kwa kila jambo.

Faida yake twaiona. Bwawa laweza kupendeza machoni, nalo li katika kufa. Mvua ikichukua mbolea ya mashamba hata bwawani, mimea midogo ya majini husitawi mno. Ikiisha kufa na kuoza, oksijeni hupungua majini, na samaki hufa. Jicho tupu haliioni oksijeni. Basi, kama vile miwani isivyo dhambi kwa mzee asomaye Neno, chombo kionyeshacho yaliyofichika si adui wa imani.

Lakini yatupasa kupambanua. Picha haina harufu ya matope, wala hailowanishi miguu. Tena kujua si kutunza: mtu aweza kueleza vema sababu ya samaki kufa, kisha akatupa takataka mtoni. Katika Mwanzo 2:15 twasoma ya kuwa mwanadamu alipewa bustani pamoja na kazi yake. Hakupewa aitazame tu.

Kipimo chetu na kiwe hiki: simu ikiisha kuzimwa, je, kijana angali akiinama majini? Akiinama, chombo kimetumika vema. Akigeuka na kwenda zake, kimemwibia.

Basi, sisi wazazi na walimu wa usharika tusimpe kijana simu ili tupate kukaa nyumbani. Twende naye mtoni, tumwulize ameona nini, kisha tumpe kazi ya kufanya papo hapo. Maana kutunza hujifunzwa kwa kutunza.