Bastola na vitu vyake vyote

Kuna jina moja ambalo mama zetu karibu wote wanalijua, hata wale ambao hawakupata shule: Singer. Limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye mgongo wa cherehani nyeusi. Ukienda Mahama, Kiziba au Nyabiheke, au ukizunguka nyuma ya mabaa ya hapa Gisimenti, utamkuta mtu anakanyaga mashine ya namna hiyo na watoto wake wanakula.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliita kampuni hiyohiyo ya cherehani likaiambia: tutengenezeeni bastola 500, tuone kama mnaweza. Singer wakazitengeneza, zikawa tayari mwaka 1941. Zilitoka safi sana. Lakini serikali ikaona mafundi hodari namna ile ni afadhali watengeneze vyombo vya kulengea mizinga, na kazi ya bastola ikapewa kampuni nyingine. Basi zikabaki zile 500 tu. Nyingi walipewa wanajeshi wa anga, na vita ikapita. Leo ikipatikana moja yenye rangi yake ya kwanza na kila kipande chake cha kwanza, mnadani inaweza kupita dola 100,000.

Fikiria mambo hayo mawili pamoja. Cherehani ya Singer ina thamani kama inafanya kazi. Bastola ya Singer ina thamani zaidi kama haikufanya kazi yake, yaani kama inaonekana bado mpya, haina mikwaruzo, kama vile haikuguswa. Hapo ndipo swali langu linaanzia: mtu anayekusanya bastola za zamani anakusanya nini hasa? Na je, ni vibaya?

Swali hilo sikulitafuta. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Gisimenti, wengi wao wametoka Kivu na Burundi. Jumamosi tunakaa, tunachagua mada, tunabishana. Kijana mmoja wa miaka kumi na sita alikuja na daftari limejaa michoro ya bastola. Alijua mambo ambayo mimi sikuyajua. Alijua kwamba jeshi la Ujerumani lilichukua Luger kuwa bastola yake mwaka 1908, na kwamba namba ya bastola hiyo inarudiwa kwenye vipande vyake, hata vile vidogo. Mkusanyaji hufungua na kuangalia kama namba zote zinafanana. Kipande kimoja kikiwa na namba nyingine, bei inashuka. Kisha anauliza: magazini yake iko wapi? Ala yake ya ngozi iko wapi, na kile kifaa kidogo cha kuifungulia kinachokaa ndani ya ala? Kwa Mauser C96, ala yenyewe ni ya mbao, unaichomeka nyuma ya mpini inageuka kuwa kitako. Bastola bila vitu vyake ni kama chungu bila kifuniko: kinatumika, lakini hakijakamilika.

Alieleza yote hayo kwa upendo, jinsi vijana wengine wanavyoeleza magoli. Mwisho akaniuliza: “Yaya, kuna ubaya gani kupenda kitu kizuri?”

Kabla sijajibu, msichana mmoja alidakia: “Mutu mwenye iko na bunduki ndiye alitufukuza kwetu. Sasa wewe unamuchora?”

Kikao kikawaka moto. Nami nimeendelea kufikiri tangu siku ile. Naona majibu mawili ya haraka, na yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi.

Jibu la kwanza ni la kumtetea mkusanyaji. Bastola iliyofungiwa kabatini miaka themanini haimuui mtu. Mkusanyaji anaitunza, anaipaka mafuta, anasoma historia, anajua kiwanda kipi kilitengeneza nini na mwaka gani. Bila watu wa namna hiyo mambo mengi yangepotea. Na tuseme kweli: waliotuumiza sisi hawakubeba bastola za makumbusho. Kumlaumu mzee wa ng’ambo mwenye Luger kabatini kwa sababu ya yaliyotokea Masisi ni kupiga mbwa wa jirani kwa kosa la fisi.

Jibu la pili ni la msichana yule: zichomwe zote. Hilo nalo limewahi kufanyika. Timbuktu, nchini Mali, tarehe 27 Machi 1996, silaha karibu 3,000 ziliwekwa juu ya moto mbele ya watu ili kufunga vita. Msumbiji, kuanzia 1995, Baraza la Makanisa chini ya Askofu Dinis Sengulane liliwaambia watu walete bunduki, wapewe majembe, baiskeli au cherehani. Ndiyo, cherehani tena. Bunduki zikakatwakatwa, na wasanii wakazifanyia kazi. Mmoja wao, anayejulikana kama Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki mwaka 2001. Kiti hicho sasa kiko British Museum, London.

Napenda sana habari ya Msumbiji. Lakini angalia vizuri: hata wao hawakuondoa kila kitu. Ukikitazama kile kiti bado unaona mtutu, unaona magazini. Walitaka uone. Kwa sababu silaha ikiyeyuka kabisa, aliyeumizwa nayo anabaki na maneno matupu, na kesho mtu anaweza kumwambia: unasema uongo, hakukuwa na kitu.

Basi kama kutunza si dhambi, na kuchoma si dawa ya yote, tatizo liko wapi? Nadhani liko kwenye lile neno la wakusanyaji wenyewe: bastola na vitu vyake vyote. Nawauliza: vitu vyake vyote ni vipi?

Wakusanyaji wana msemo wao: nunua bastola, usinunue hadithi. Wana sababu. Wauzaji ni waongo. Kila bastola ya zamani, ukimsikiliza muuzaji, ilikuwa ya jenerali. Namba kwenye chuma unaweza kuipima, hadithi huwezi. Ni busara ya sokoni na siipingi. Ila msemo huo ulinigusa kwa njia nyingine, kwa sababu sisi hali yetu ni kinyume kabisa. Bastola ile ilifika leo na kitu bila hadithi. Wengi wetu tulifika hapa na hadithi bila kitu. Hakuna picha, hakuna cheti, hakuna hati ya shamba. Na ukikaa mbele ya meza kuhojiwa, nawe unatakiwa namba zako zifanane: tarehe ya kuzaliwa, jina la kijiji, idadi ya watoto, leo na miaka mitano iliyopita. Kipande kimoja kikiwa tofauti, thamani ya maneno yako inashuka.

Kwa hiyo mkimbizi akisikia “usinunue hadithi,” anajua ni nini kinachotupwa. Kinachotupwa ni yule mtu aliyesimama upande wa pili wa bastola.

Upande wa pili upo siku zote. Bastola ni kitu kilichotengenezwa kikiwa na pande mbili: kwenye mpini kuna mtu na kwenye mdomo kuna mtu. Ala, magazini, kifaa cha kufungulia, vyote ni vitu vya upande wa mpini. Mkusanyaji akivipata vyote anasema seti imekamilika. Mimi nasema ana nusu ya seti.

Mfano wa seti iliyokaribia kukamilika uko Vienna. Tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mke wake Sophie, mjini Sarajevo. Bastola ilikuwa Browning ya mwaka 1910, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN pale Herstal, Ubelgiji. Herufi hizo FN wazee wetu wa Kongo wanazijua vizuri, juu ya zile bunduki za wanajeshi. Bastola ilikaa kwa mapadri Wajesuiti miaka mingi, mpaka mwaka 2004 wakaipeleka kwenye makumbusho ya kijeshi ya Vienna. Na pale tayari kulikuwa na koti alilovaa Franz Ferdinand siku ile, lenye damu. Ukiitazama bastola ile huwezi kusema tu “chuma kizuri.” Koti linakujibu.

Hata hivyo seti ile nayo haijaisha. Vita iliyoanza baada ya risasi zile ilifika mpaka huku kwetu. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilivuka kutoka Kongo, Wajerumani wakaondoka Kigali, na watu wa pande zote mbili za Kivu wakabebeshwa mizigo ya jeshi lisilo lao. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda ikaja njaa iliyoitwa Rumanura. Koti la mkuu limehifadhiwa kwenye kioo. Mbeba mizigo aliyekufa njiani hana koti popote, na katika hesabu yangu naye ni sehemu ya vitu vya vita ile.

Hapa Kigali tumejifunza kukamilisha seti kwa njia yetu. Kwenye ukumbusho wa Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004, silaha hazikai peke yake. Kuna nguo, kuna picha, na kuna chumba cha watoto kinachokuambia mtoto fulani alipenda kula nini. Na karibu na hapa Gisimenti kuna hoteli ya Chez Lando, ambayo tunaitumia kuelekeza njia kila siku bila kufikiri. Lando ni Landoald Ndasingwa, aliyekuwa waziri. Tarehe 7 Aprili 1994 aliuawa pamoja na mke wake Hélène, watoto wao wawili na mama yake mzazi. Dada yake akaifufua hoteli. Bunduki za siku ile hazijulikani kwa mtu yeyote anayepita pale. Jina ndilo lililobaki kwenye kibao, na watu wanakula brosheti chini yake.

Mfano wa kinyume tunao pia, na ni wa kwetu. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Polisi mmoja Mbelgiji, Gérard Soete, alishiriki kuuharibu mwili wake kwa tindikali, akabaki na jino. Akalitunza kwake, kama mwindaji anavyotunza pembe. Jino lilirudishwa kwa familia Juni 2022, miaka 61 baadaye, likazikwa Kinshasa. Ona ilivyo: Soete naye alikuwa “anatunza.” Jino halikupotea wala halikuvunjika. Lakini kutunza kulikuwa kwa ajili yake, na wenyewe walikuwa wanalia bila kaburi. Kwa hiyo kutunza peke yake si wema. Lazima tuulize: unamtunzia nani?

Hapo naomba ndugu zetu wanaofanya kazi za misaada nao wasogee karibu, kwa sababu kuna ukusanyaji mwingine. Wapo wanaokusanya hadithi zetu. Wanakuja na kalamu na kamera, wanachukua kisa cha mama aliyepoteza watatu, kinawekwa kwenye ripoti yenye rangi nzuri, na mama hakisikii tena. Sisemi ni watu wabaya. Wengi wana moyo, kama yule mzee anayepaka Luger yake mafuta. Lakini kisa kikitengwa na mwenyewe kinakuwa kitu cha kabatini, kizuri cha kuonyesha wageni. Mkusanyaji wa bastola anachukua kitu na kuacha hadithi. Mkusanyaji wa hadithi anachukua hadithi na kumwacha mtu. Seti ni ileile, na inakosa kipande kilekile.

Simwambii mtu auze bastola zake. Nasema tu kwamba anayezitunza ana deni. Deni lenyewe ni dogo na ni zito: kabla hujasema kitu hiki kimekamilika, tafuta upande wa pili. Kilielekezwa wapi? Kilipita mikononi mwa nani, mwaka gani, katika nchi ipi? Pengine jibu ni kwamba hakikumpiga mtu, nalo ni jibu zuri, liandike. Pengine ni jibu litakalokunyima usingizi. Liandike pia.

Kijana wetu sikumnyang’anya daftari. Ukimkataza kijana kitu, umempa sababu ya kukificha. Nilimwambia: chora upande wa kushoto, na upande wa kulia andika ilikopita. Luger yako ilikuwa bastola ya jeshi, na mwaka ule wa 1908 nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani, anzia hapo.

Alifikiri, akasema: “Lakini Yaya, kama aliyepigwa hana jina? Hakuna mahali wameandika.”

Nikamwambia aandike hivyohivyo: hapa alisimama mtu, jina lake halikuandikwa. Msichana yule alikuwa anasikiliza. Akavuta kiti, akakaa upande wa kurasa za kulia, akaomba kalamu.