Hofu ya Mtoto Arudiye Bwenini

Yapo mafundisho yaliyoenea miongoni mwetu Wakristo, nayo hutolewa kwa nia njema, ya kwamba mtoto aliaye usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule, na asubuhi akashikwa na tumbo au akadai homa asiyokuwa nayo, amepungukiwa na imani. Kwamba dawa yake ni kuombewa, na pengine kukemewa, kisha apakiwe garini pamoja na sanduku lake la bati. Mafundisho hayo nayakataa, na sababu zangu nazitoa nikiitazama Asumbi nchini Kenya, kando ya barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay, mahali ambapo wamisionari wa Mill Hill waliweka misheni mapema katika karne ya 20, na ambapo kanisa, chuo cha walimu, shule za wasichana na makao makuu ya Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu vimekaa jirani, hata sala na elimu zimekuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Mwezi wa Agosti 2012 moto uliwaka katika bweni la shule ya msingi ya wasichana hapo Asumbi, wakafariki wanafunzi wanane, Mungu awalaze pema. Tena mwezi wa Septemba 2024, kule Endarasha katika Nyeri, moto wa bweni uliwaua wavulana 21. Baada ya hayo, nani mwenye insafu atakayemwambia binti wa miaka kumi kwamba wahaka wake hauna asili? Si wote waogopao moto, ni kweli: aghalabu huogopa kuchekwa kwa sare iliyochakaa, au fimbo, au giza la njia ya msalani, au kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mbele ya wenzake. Lakini kila hofu ina habari inayoileta, na mzazi aikemeaye kabla ya kuisikiliza amemfukuza tarishi bila kuipokea barua.

Maandiko yenyewe yanaye mtoto wa bweni, naye ni Samweli, aliyepelekwa Shilo akiwa mdogo mno, akalelewa na Eli, mzee asiyekuwa jamaa yake. Usiku ule aliposikia akiitwa, alimwendea mzee mara tatu, akamwamsha mara tatu, na Eli, ijapokuwa alikuwa mkongwe na macho yake yamefifia, hakumgombeza wala hakumwita mwoga, bali alimrudisha kitandani kwa upole, mpaka mara ya tatu akafahamu kwamba jambo hili lina asili yake. Kulipokucha mtoto aliogopa kusema aliyoambiwa na Mungu, madhali yalikuwa mazito juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Mzee akamtaka aseme yote asifiche neno, akayasikia, wala hakumwadhibu aliyeyaleta. Walimu wakuu na matroni wangapi leo wangeweza kumsikiliza hivyo mtoto awaleteaye mashitaka juu ya nyumba yao? Na Hana, mamaye, kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Naona, ingawa hili halikuandikwa, kwamba ili kanzu imwenee alipaswa mwaka mzima kumwazia mwanawe jinsi anavyokua.

Wala hofu si dhambi, kwani Bwana wetu mwenyewe alihuzunika katika bustani ya Gethsemane hata jasho likamtiririka, na alilowaomba rafiki zake ni kukesha pamoja naye tu. Walilala. Kukesha huko ndiko wajibu wa mzazi Mkristo: kuketi na mtoto, kumuuliza ni nini hasa anachokiogopa, kungoja jibu hata likichelewa, kisha kwenda kulitazama jambo lenyewe mahali lilipo, kwa maana sala isiyofuatwa na tendo Mtume Yakobo asingeiita imani.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaagiza milango ya bweni ifungukie nje, isitiwe kufuli wanafunzi wakiwamo ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Basi, mzazi mwenzangu upelekaye mwana bwenini muhula ujao, msalie na umbariki, kisha lizunguke bweni lile kwa miguu yako, uijaribu milango, na uulize ni nani ashikaye funguo usiku.