Jina la Mtoto

Msafiri ashukaye Mikumi, katika barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, au katika stesheni ya Kilosa, hukutana na watoto wauzao karanga na mayai. Twanunua, twahesabu chenji, twaenda zetu. Ni nani kati yetu aliyepata kumwuliza mmoja wao: “Mwanangu, jina lako nani?”

Swali hilo ndilo moyo wa sinema ya Afrika ya Kusini iitwayo Tsotsi, aliyoitengeneza Gavin Hood mwaka 2005 kutokana na riwaya ya Athol Fugard iliyotolewa mwaka 1980. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya Oscar. Tsotsi maana yake ni mhuni, na katika vitongoji vya Johannesburg kijana huyo hajulikani kwa jina jingine. Mwenzake alipomdadisi habari za jina lake na wazazi wake, alimpiga vibaya sana.

Usiku huohuo akampiga risasi mama mmoja na kumnyang’anya gari. Kumbe ndani yake mlikuwa na mtoto mchanga. Hakujua kumlisha. Akamlazimisha kwa bastola Miriam, mama mwenye mtoto wake, amnyonyeshe. Miriam alinyonyesha kwa hofu, kisha kwa huruma. Lakini alimwambia wazi kwamba mtoto arudishwe kwa mama yake. Alipoulizwa jina la mtoto, kijana alijibu: David. Lilikuwa jina lake mwenyewe, alilolizika tangu alipomkimbia baba mkali, akawa akilala ndani ya mabomba makubwa ya ujenzi. Mwishowe alimrudisha mtoto, akainua mikono mbele ya askari, huku akilia.

Wako watakaouliza: je, twafundishwa kumpendelea mwuaji? Hasha. Mama yule aliyepigwa risasi hakuweza kutembea tena, na damu iliyomwagika yadai haki. Huruma ya kweli haifuti deni. Humpa mdeni moyo wa kwenda kulipa. Zakayo alidharauliwa na mji mzima, lakini Bwana wetu alimwita kwa jina lake. Ndipo aliposhuka mtini na kuahidi kurudisha mara nne vyote alivyodhulumu.

Sinema hii haifai kwa watoto, kwa kuwa ina damu na matusi. Yafaa wazazi waitazame peke yao, kisha wajipime. Mtoto aitwaye mhuni kila siku nyumbani, mwisho huliitikia jina hilo barabarani. Basi leo jioni, kabla ya sala, mwite mwanao kwa jina alilobatizwa. Na utakaposhuka tena Mikumi au Kilosa, mtoto akikunyoshea karanga, mwulize jina lake kwanza, ulikumbuke, na umwombee kwalo.