Kuhama na Kuhamishwa

Waingereza wanacho kitenzi kimoja, "displace", wakitumiacho kwa maji na kwa watu pia. Merikebu ielea­yo husukuma maji kando, nao hupima uzito wake kwa maji hayo. Vita ilipokwisha mwaka 1945, neno lile lile wakapewa mamilioni ya watu wa Ulaya waliotolewa makwao. Lakini maji hutulia popote, wala hayaachi nyuma kaburi la baba.

Kiswahili hupambanua zaidi. Ahamaye ameamua mwenyewe. Ahamishwaye, yuko aliyemhamisha, hata kama jina lake halikutajwa. Tofauti ni silabi moja tu, na mtu mwenye haraka aweza kuiruka.

Wasomaji wetu wa Machochwe, wilayani Serengeti, walio jirani na hifadhi ya wanyama, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia alama katika hati ya kukubali kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 hifadhi ikabaki bila wakazi, nao wakaelekezwa Ngorongoro. Je, walihama? Hati yasema walikubali. Lakini kibali cha mtu aonaye kwamba hata akikataa ataondoka, ni kibali gani? Swali hilo halikuzeeka. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimepelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali yasema wamekwenda kwa hiari. Wengine wanalalamika kwamba huduma zilipunguzwa kwao hata kukaa kukawa kugumu. Hiari haipimwi kwa sahihi peke yake. Yapasa kuuliza kama mlango wa kubaki nao ulikuwa wazi.

Hatusemi kwamba serikali haiwezi kamwe kuitaka ardhi kwa faida ya wote. Yaweza, na fidia ya haki ni wajibu wake. Hata hivyo aliyelipwa vema, kama hakupenda kuondoka, bado amehamishwa. Mfalme Ahabu alimwahidi Naboti shamba lililo bora zaidi, au fedha, akipenda. Bei pengine ilikuwa nzuri kabisa! Naboti alikataa, maana ule ulikuwa urithi wa baba zake.

Nasi tulio kalamuni hatuna budi kukiri: mara nyingi tumeandika "wananchi wamehama", kwa kuwa ndivyo taarifa ilivyotufikia, wala hatukuuliza zaidi. Taarifa ya namna hiyo ikija tena, tutauliza kwanza ni nani aliyewahamisha, kisha tutalichapa jina lake.