Hapana Ndege Mbaya: Khabari za Sauti Zizungukazo Nyumba

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, aliyekiumba kila chenye roho akakipa riziki yake na sauti yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baadu. Watu wa pwani wapandao Songea kwa biashara ya mahindi, au kwa kazi ya serikali, au kwa kuoa, warudipo kwao huwa na malalamiko mawili: baridi na makelele. Baridi ina sababu yake, kwani mji umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Ama makelele, hayo si ya watu; ni ya viumbe. Karibu na mji umesimama mlima wa Matogoro, na humo ndimo zitokamo chemchemi za mto Ruvuma, mto ule ule ambao mtu wa Mtwara huuona ukimimina maji yake baharini. Na penye maji na miti hapakosi wenyewe. Zishukapo mvua za mwanzo, Novemba au Disemba, vyura huanza mabondeni baada ya Magharibi wala hawanyamazi. Nyenje hupasua masikio jua likiwa kali. Usiku wa manane komba hulia mtini kilio cha mtoto mchanga, hata mgeni huamka akatwaa taa kwenda kumtafuta mtoto aliyetupwa. Na kabla mwadhini hajafungua mlango wa msikiti, majogoo ya mji mzima yamekwisha kujibizana.

Ajabu ni kuwa huyo alalamikaye amelala tangu utoto wake kando ya bahari ivumayo, na kunguru juu ya paa, wala hakupata kuudhika. Kelele ya kwao mtu huiita kimya.

Aliyesoma Qur'ani hana udhuru wa kuzisikia sauti hizi kama azisikiavyo asiyesoma. Katika Surat al-Israa tumejulishwa kuwa kila kitu kinamsabihi Mola wake, ila sisi hatuufahamu usemi wao. Na katika Surat an-Nur ndege wametajwa, wakiwa wamekunjua mbawa zao angani, kuwa kila mmoja anaijua sala yake. Tena katika Surat an-Naml imo khabari ya mdudu chungu aliyewaonya wenziwe waingie mashimoni wasije wakapondwa na jeshi. Nabii Sulaiman alimsikia akatabasamu, kisha akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru. Na autazame msomaji mpango wa mambo hayo: tabasamu ilitangulia, dua ikafuata. Mfalme ambaye majini na watu na ndege walikuwa askari wake hakuona aibu kufurahishwa na neno la mdudu. Basi mtu akaaye barazani kwake baada ya Isha akawasikiliza vyura kwa kupendezwa, hakuupoteza wakati wake.

Na akiijua khabari yao, furaha yake huzidi. Chura aliaye ni dume. Huujaza hewa mfuko wa ngozi ulio kooni mwake, na kila aina ina mlio wake mbali, ili jike asipotee gizani akaenda kwa asiyekuwa wake. Nyenje hasemi kwa kinywa. Ana ngozi mbili mbavuni mfano wa ngoma, huzitikisa kwa upesi usiohesabika, na kabla ya kutoka kwenye jua ameishi chini ya udongo miaka akinyonya mizizi. Wako wasemao kuwa elimu ya wadudu haimpasi faqihi. Hao na wamkumbuke Sheikh Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, aliyekufa mwaka 808 wa Hijra, yaani 1405. Alikuwa mshona nguo kabla ya kuwa mwalimu, na kitabu kilicholieneza jina lake ni Hayatu al-Hayawan, ambamo amewapanga wanyama kwa herufi, akaeleza tabia ya kila mmoja na hukumu yake.

Walakini Sheria haikumlazimisha mtu kupenda asichokipenda. Mwenye mgonjwa nyumbani, na mwenye safari ya alfajiri, na mzee aliyepungukiwa na usingizi, wakiudhika hawana lawama. Usiku umejaaliwa kuwa vazi na usingizi kuwa mapumziko, na kuitaka haki hiyo si dhambi. Linaloulizwa ni njia yake. Wanavyuoni wameeleza katika mlango wa siyali, nao ni mlango wa kumzuia mshambulizi, awe mtu au mnyama, kwamba azuiwe kwanza kwa jambo lililo jepesi. Likitosha, lililo zito huwa haramu. Nyani waingiao katika mahindi ni washambulizi wa kweli, na mwenye shamba ana haki ya kujenga dungu akawawinga kwa mayowe na debe na mawe, na kuzidisha kama hawakuondoka. Chura hakumshambulia mtu. Tena ana hukumu yake mahsusi, kwani tabibu mmoja alipomuuliza Bwana Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, alimkataza asimuue, ameipokea Abu Dawud. Basi amwagaye mafuta ya taa dimbwini ili apate kulala amefanya lisilofaa. Na alifukiaye dimbwi hilo kwa udongo wakati wa kiangazi, likiwa kavu, amefanya vema, na mbu nao amewapunguza. Jogoo naye imekatazwa kumtukana, kwa kuwa huamsha watu kwa sala.

Ama kunguru, watu wa pwani watauliza, nao wana haki ya kuuliza. Yeye yumo katika wale watano ambao imeruhusiwa kuwaua hata kwa aliyehirimia. Na huyu wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akaenea hata Dar es Salaam na Mombasa, amekula mayai na makinda ya ndege wetu wengi. Hapana haja ya kurefusha maneno juu yake.

Illa khatari kubwa ya sauti za usiku haimo katika usingizi upoteao. Imo katika maana ambayo watu huzitia. Lugha yenyewe inashuhudia: Mswahili husema amepata ndege mbaya, akikusudia fali mbaya, na Waarabu waliliita jambo hilo tiyara, kutokana na tayr, nalo ni ndege. Mataifa mawili, na kosa moja.

Na tupige mfano. Mtu wa Lindi amekaa Songea, upande wa Matogoro, ananunua mahindi akiyaweka ghalani. Jirani yake ni kikongwe, mjane, ambaye nyumba yake ni kuukuu na pembe ya paa lake imetoboka. Humo wameingia bundi wawili, wale wenye uso mweupe wa duara kama sahani. Bundi wa namna hii haiti kama wenziwe. Hulia ukelele mmoja mkali, kama mtu apasuaye jora la marekani. Na makinda yake hupumua kwa nguvu usiku kucha yakidai chakula, hata asiyejua hudhani kuna mtu darini anayekoroma. Mtu wa Lindi amestahimili vyura, na komba amewazoea, ila hao hawawezi. Kisha mwanawe akashikwa na homa, na usiku wa pili wa homa bundi akapita juu ya paa akalia.

Asubuhi yake wakaja wenye maneno. Wakamwambia, hiyo ni ndege mbaya, na bundi hatumwi bila ya mtumaji. Akaitwa mpiga ramli, akapewa fedha. Naye akazunguka nyumba, akainama chini ya mwembe ulio mpakani, akaokota vitonge vyeusi vyenye manyoya na mifupa midogo, akasema: Haya ni malaji ya wachawi, na mwenye nayo yuko chini ya paa lile. Hata ilipofika Adhuhuri maneno yalikwisha kufika sokoni, na vijana walikuwa wakishauriana juu ya kibiriti.

Khabari za vikongwe waliouawa Usukumani kwa dhana ya uchawi, na wengine hawana kosa ila wekundu wa macho ulioletwa na moshi wa kuni, zimejulikana katika nchi nzima. Basi asidhani msomaji kuwa mfano huu umetiwa chumvi.

Baada ya Alasiri mtu yule akaenda kwa mwalimu wa chuo kumtakia mtoto dua. Mwalimu akamuuliza: "Mtoto umempeleka hospitali?"

"Bado, maalim. Tulikuwa tukimngojea mpiga ramli."

"Siku mbili za homa, na aliyeitwa kwanza ni huyo? Nenda ukamchukue mwanao, mwanangu. Dua nitaomba tukiwa njiani."

Damu ikapimwa, ikaonekana ni malaria, na dawa akapewa. Usiku ule mwalimu hakumwambia neno jingine. Asubuhi alifika mwenyewe, akaomba kimoja katika vile vitonge, akakitia katika bakuli la maji mpaka kikalainika, akakifungua kwa kijiti. Yakatoka mafuvu manne, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, na mbele ya kila fuvu meno marefu ya rangi ya manjano.

"Mtoto gani mwenye meno haya?"

"Ni panya," mtu wa Lindi akasema.

Naye bundi hummeza panya mzima, na asichoweza kukisaga tumboni, yaani manyoya na mifupa, hukitapika kwa umbo hilo. Sikio lake moja limekaa juu kuliko la pili, na kwa hilo humjua panya alipo kwa mlio wa jani tu, katika giza lisilo na nyota. Mwenye ghala la mahindi alikuwa amepewa mlinzi asiyedai mshahara, akamlipa mpiga ramli ili amfukuze.

Kisha mwalimu akamsomesha. Waarabu wa Jahiliya walidhani kuwa aliyeuawa, roho yake hugeuka bundi, hulia juu ya kaburi mpaka alipiwe kisasi, wakaiita hama. Bwana Mtume (s.a.w.) akaikanusha hama kwa jina lake, na tiyara pamoja nayo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Moyo wa mtu ukishtuka kwa sauti ya usiku, mshtuko huo ni wa tabia wala haandikiwi dhambi. Dhambi huanza pale atendapo kwa mshtuko huo. Na aendaye kwa mpiga ramli akamuuliza jambo, imepokewa katika Muslim kuwa sala yake ya siku arubaini haikubaliwi, na kuisali imemlazimu vilevile. Mtu wa Lindi aliposikia hayo akainamisha kichwa. Akasema atatubu, na fedha aliyoitoa asamehewe.

"Fedha ni jambo lako na Mola wako," mwalimu akasema. "Bibi yule ni jambo jingine. Dhana umeipeleka kwa mtu, na mtu huyo ana jina."

Hapa ndipo penye uzito, na wengi hupapita mbio. Aliyemzulia mwenziwe uwongo haitoshi kuomba maghufira chumbani mwake. Yampasa ajikanushe mbele ya wale waliomsikia, kwa sauti ile ile na mahali pale pale. Mtu wa Lindi alikuwa mfanya biashara. Jina lake sokoni ndilo mtaji wake. Alikaa kitako kitambo kirefu. Kisha akalichukua bakuli na mafuvu yake, akaenda nalo sokoni, akawaonyesha vijana wale mmoja mmoja, akasema: "Nilisema uwongo juu ya bibi yule, na mpiga ramli aliniongopea nami nikampa fedha." Baadhi yao walicheka. Mmoja alikwenda zake bila ya kutazama. Lakini kibiriti hakikuwashwa.

Jioni akabisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

Akamweleza yote, wala hakujificha. Kikongwe akanyamaza sana. Akasema kuwa maneno yalimfikia tangu jana, na usiku kucha alikaa amevaa nguo zake za kutokea, mlango ameuegesha tu, ili wakija asihangaike na komeo. Ama bundi, hakuwapenda; nao humnyima usingizi kama wamnyimavyo jirani. "Ila tangu waingie," akasema, "mbegu yangu ya mahindi haijaguswa."

Siku nyingine, mtoto amekwisha pona, mtu wa Lindi akamuuliza mwalimu: makinda yakikwisha ruka, je, yafaa kuliziba tundu la paa ili watu wapate kulala? Akajibiwa: yafaa, kwa sharti kuwa hakuna yai wala kinda ndani, na kuwa mwenye paa ameridhia. Akaenda akamwomba mwenye paa, akajitolea mabati na misumari na fundi kwa mali yake.

Kikongwe akayapokea mabati, akapaonyesha mahali panapovuja mvua patengenezwe. Tundu la bundi akakataa lisizibwe.

Wallahu aalamu.